Mitutu miwili ya Liège: shajara ya meza yangu ya Katuba, Lubumbashi

Jumamosi, 8 Machi

Karatasi zilitoka Alhamisi, bunduki imeingia nyumbani leo. Nimefuata mpangilio huo makusudi: kibali kwanza, chuma baadaye. Kibali cha silaha huandikwa kwa jina la mtu, na mwenye jina alizikwa mwaka juzi. Ilinichukua miezi mitano ya kupanda ngazi, kila ngazi na muhuri wake, kila muhuri na "rudi kesho" yake. Sasa ni yangu kisheria, imelala mezani juu ya shuka kuukuu, na mke wangu ameshatangaza kwamba shuka hilo halirudi kitandani.

Mjane aliponikabidhi alinitazama kama mtu anayeoza binti. "Papa," akasema, "ile bunduki njo ilikuwa bibi yake wa pili. Mi nilikuwa nasafisha nyumba, yeye anasafisha ile." Nilicheka. Nilipofika nyumbani na kuiweka kwenye mwanga wa dirisha, kicheko kilikwisha. Amesafisha, kweli. Amesafisha kwa msasa.

Yaliyo wazi kwa macho: kalibre 12, mitutu miwili iliyolala ubavu kwa ubavu, vifyatulio viwili, hakuna nyundo za nje. Jina la mtengenezaji halipo popote. Ukoo unaamini ni bunduki ya nyati. Mpwa wa marehemu anaapa ni ya Uingereza, "kwa sababu ni nzuri". Mimi sina mawazo bado. Nimeifungua, nimehakikisha vyumba vyote viwili vitupu, nimechungulia mitutu dhidi ya anga: ndani inang'aa, isipokuwa vidoa vichache vya kutu karibu na mdomo wa kushoto. Mitutu ina sentimita 76. Nzima ina uzito wa kilo tatu na nusu hivi.

Sentimita 76 kwa mtu wa kupenya kwenye miombo ni nyingi mno. Hilo nimeliandika na kulipigia mstari.

Jumapili, 9 Machi

Umeme umekatika tangu asubuhi, mvua haiachi. Nimekaa na taa ya mkononi na kuishika tu. Dole gumba langu limetafuta kitasa cha usalama nyuma ya wenzo wa kufungulia, mahali kinapokaa kwenye kila bunduki ya aina hii niliyowahi kuishika, na limekuta chuma kitupu. Nilidhani kimeng'olewa. Hapana: hakuna tundu, hakuna kiraka. Hakikuwekwa kamwe.

Bunduki ya mwindaji bila kitasa cha usalama ni wazimu. Anatembea nayo siku nzima imejaa. Lakini yuko mtu mwingine ambaye hajazi risasi mpaka asimame mahali pake, akaita, akafyatua, akafungua. Huyo kitasa kinamkera, maana siku atakayokisahau ndege ameshakwenda. Nadhani nimeanza kumwona mwenyewe wa kwanza.

Jumamosi, 15 Machi

Siku ya mihuri. Mimi ni ajista mstaafu, yaani fundi wa kuchonga na kuoanisha vipande vya chuma, miaka thelathini na moja kwenye karakana za shaba, na nimefundishwa kwamba kipande cha chuma kinaeleza habari zake upande usiopambwa. Kwa hiyo sikupoteza muda na nakshi. Nilitoa mbao ya mbele, nikatenganisha mitutu na mtambo, nikaigeuza tumbo juu. Msasa wa marehemu haukufika huko. Mungu ampumzishe kwa uvivu huo mdogo.

Nimeshika lenzi ya kioo na daftari. Nilichokisoma:

Kwanza yai dogo lenye herufi ELG na nyota, na juu yake taji. Hapo ubishi wa Uingereza umekwisha, maana huo ni muhuri wa Liège, Ubelgiji. Mji ule una nyumba ya kujaribia silaha tangu 1672, na tangu amri ya Napoleon ya 1810 jaribio likawa lazima. Mtutu hujazwa baruti kupita kiasi cha kawaida, hufyatuliwa, hukaguliwa. Ukisalimika hupigwa muhuri. Taji liliongezwa juu ya yai mwaka 1893, kwa hiyo chuma hiki hakitangulii mwaka huo.

Pili, nguzo ndogo yenye ngazi chini yake. Ni perron, ile nguzo ya uwanjani Liège, alama ya mji na pia alama ya mkaguzi.

Tatu, simba. Kijana wangu wa mwisho alikuwa anachungulia begani. "Papa, bia yetu iko mpaka ku bunduki!" Simba huyu hanywewi. Amesimama juu ya herufi PV, kifupi cha maneno ya Kifaransa ya baruti kali, yaani ile isiyo na moshi. Maana yake mitutu hii haikujaribiwa kwa baruti nyeusi ya mababu peke yake.

Nne, herufi zenye nyota juu, za wakaguzi waliosimamia kazi. Hizo nimezinakili bila kuzihangaikia.

Tano, iliyonifanya niinuke kwenye kiti: herufi ndogo ya mwandiko, peke yake, kama mtu aliyeachwa na gari. Ni p. Tangu 1922 nyumba ya Liège ilipiga herufi ya mwaka, a ikiwa 1922, na kuendelea. Nimehesabu kwa vidole, kisha kwa kalamu, kisha nimemwita kijana ahesabu yeye. P ni 1937.

Mwaka 1937 mji huu ulikuwa bado Élisabethville, na ukabaki hivyo mpaka 1966. Reli ya kutoka kusini ilikuwa imefika tangu 1910, na ile ya Benguela, ya kutoka bandari ya Lobito, ilikuwa imeunganishwa na Katanga tangu 1931. Sanduku lenye bunduki lingeweza kufika kwa njia yoyote kati ya hizo. Nimejikuta nalipendelea la Lobito, bila sababu ila kwamba nimewahi kuona picha za stesheni zake.

Ubavuni mwa mtutu, kwa herufi kubwa: ACIER COCKERILL. Chuma cha Seraing, kando ya mto Meuse, kwenye viwanda alivyoanzisha John Cockerill mwaka 1817. Jirani yangu alikuwa ameshanitisha kwamba bunduki za zamani zina mitutu ya damaski, ile ya nyuzi za chuma na pua zilizosokotwa na kufuliwa pamoja, yenye michirizi kama mbao. Hii si damaski. Ni pua moja iliyotobolewa. Kwa ajista hilo ni jina la kuheshimiwa, na nimekaa nikaligusa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Jumanne, 18 Machi

Fupi, lakini ndilo jambo la kulinda maisha ya mtu. Kati ya mihuri ile imo almasi yenye 12 na C, na pembeni 65. Hiyo ni milimita, urefu wa chumba cha risasi. Risasi za kalibre 12 zinazouzwa siku hizi nyingi ni za 70. Kinachodanganya ni kwamba ya 70 inaingia bila ubishi na bunduki inafunga vizuri, kwa kuwa mdomo wa ganda umekunjwa na ganda bado ni fupi. Linapofyatuka ndipo linapokunjuka, na mdomo wake unakwenda kuziba mahali mtutu unapoanza kubana. Shinikizo linapanda. Chuma cha karibu miaka tisini hakiombwi kazi hiyo.

Nimeandika 65 kwa rangi nyekundu kwenye kipande cha kadi na kukifunga kwenye kifyatulio. Mpwa wa marehemu alipiga simu kuuliza lini "tunaijaribu". Nimemwambia Liège walishaijaribu.

Jumamosi, 22 Machi

Leo nimekuwa mpelelezi, na nimefurahi kama mtoto.

Wasiwasi wangu ulikuwa huu. Karibu na katikati ya mtutu, chini, kuna pete ya mkanda wa begani iliyounganishwa kwa shaba ya njano, kazi ya mkono mzito, na matone yamebaki. Bunduki ya kulengea shabaha haibebwi begani, kwa hiyo mtu aliigeuza ya porini. Na mtu anayeigeuza ya porini, jambo la pili analofanya ni kukata mitutu ifupike. Je, 76 ndio urefu wake wa kuzaliwa, au ilikuwa 81 ikapunguzwa? Ikiwa imekatwa, choki, yaani ule mbano wa mdomoni, imekwenda na kipande kilichokatwa, na nilichonunua ni bomba mbili.

Liège waliacha jibu. Miongoni mwa mihuri wamepiga uzito wa mitutu: 1 kg 485. Binti yangu anauza keki na ana mizani ya kielektroniki isiyokosea gramu. Nimeihakikisha kwanza kwa lita moja ya maji (amenisimamia akiwa ameshika kiuno), kisha nimelaza mitutu peke yake, bila mbao.

1 kg 503.

Nimerudia mara tatu. Imezidi gramu 18! Chuma hakinenepi. Ila pete na shaba yake, hizo zinatosha kabisa gramu 18 na zaidi kidogo, na hicho kidogo ndicho alichokula msasa wa marehemu. Mitutu iliyokatwa sentimita tano ingepungua makumi ya gramu, isingezidi.

Kuthibitisha, nikachukua kile kipimo ambacho karakanani tulikiita piakulisi. Liège waliandika upana wa ndani 18.4, na neno choke. Mdomoni nimepata 17.4 kulia, na kushoto 17.4 vilevile. Milimita nzima ya kubana, pande zote mbili. Bunduki ya mwindaji kwa kawaida hubanwa kidogo upande mmoja kwa mnyama wa karibu na zaidi upande wa pili. Hii imebanwa mpaka mwisho kotekote, ili marisau yaende pamoja na kufika mbali yakiwa bado kundi. Ongeza kitasa kisichokuwapo. Ongeza mgongo wa kitako ulionyanyuka, unaoliweka jicho juu, maana shabaha inatoka ikipanda. Ongeza ukanda mpana wa chuma juu ya mitutu, wenye mikwaruzo midogo ya tupa iliyopigwa makusudi ili jua lisiakisi machoni.

Nyati wa ukoo amekufa rasmi leo saa kumi na dakika ishirini. Hii ni bunduki ya trapu, mchezo wa kulenga visahani vinavyorushwa hewani.

Nimewaeleza nyumbani wakati wa bukari, ugali wetu. Neno trapu linatokana na masanduku: zamani njiwa hai alifungiwa kwenye sanduku, mlengaji akaita, kamba ikavutwa, njiwa akaruka. Kwenye michezo ya Paris mwaka 1900 walishindana hivyo, na Mbelgiji Léon de Lunden akashinda kwa njiwa 21. Visahani vya kurusha badala ya njiwa vilikuwa vimeshabuniwa na George Ligowsky, Mmarekani wa Cincinnati, mwaka 1880. Siku hizi kisahani kina upana wa milimita 110 na uzito wa gramu 105, na mlengaji husimama mita 15 nyuma ya shimo kinakotokea. Binti yangu ameuliza njiwa 21 waliliwa na nani. Sina jibu.

Jumamosi, 5 Aprili

Wiki mbili za malaria, si zangu, za mjukuu. Amepona.

Ukanda wa juu ulikuwa na maandishi. Msasa umeyala. Kwa jicho huoni kitu, kwa ukucha unahisi. Nimeweka karatasi nyembamba ya sigara juu yake na kusugua kwa penseli laini, polepole, kama tulivyofanya shuleni na sarafu. Zimejitokeza herufi tano, BETHV, za katikati ya Élisabethville, na kabla yake nafasi ya jina zima ambalo halirudi tena. Jina la duka, bila shaka: mafundi wengi wa Liège walitengeneza bila kujitaja, na muuzaji ndiye aliyechora jina lake. Mtu fulani aliagiza hii Ubelgiji ili iuzwe hapa, labda hatua chache kutoka Posta Kuu, na herufi zake zimekwenda kwenye tambara la mtu aliyeipenda.

Nimekasirika jioni nzima. Nimekasirikia mkono uleule ulioificha darini ndani ya turubai miaka ya vurugu na kuipaka mafuta kila Krismasi, mkono ambao bila huo ningekuwa natazama kutu. Mke wangu amesema, "Wewe pia unasugua sana." Alikuwa anasema habari za penseli. Nadhani.

Uamuzi: sipaki rangi upya mitutu. Sichori upya jina. Pete ya mkanda inabaki, matone yake yote.

Jumamosi, 19 Aprili

Kitako. Mjozi, mchirizi mweusi mzuri upande wa kulia, wa kushoto ni mbao tu. Mwishoni mtu ameongeza kipande cha sentimita mbili cha mti mwekundu. Nilikwangua uchafu kidogo karibu na skrubu, unga ukatoka mwekundu kama damu ya kuku: mukula. Mti wa kwetu, umeungwa kwenye mjozi wa Ulaya kwa ufundi ambao mwunganishi wa pete hakuwa nao. Unywele haupiti kwenye maungio.

Kwa hiyo angalau mikono miwili ya hapa imeigusa, mmoja wa fundi seremala hodari, mwingine wa mtu mwenye haraka. Kwa nini kuongezwa? Mikono mirefu. Kitako cha sasa kina karibu sentimita 39 kutoka kifyatulio cha mbele. Mimi, mfupi wa kuzaliwa, nikiipandisha begani inakwama kwapani. Marehemu kwenye picha ya harusi amempita mkewe kichwa na nusu.

Mtambo ni wa mpango wa Anson na Deeley, wa 1875: ukiivunja bunduki, uzito wa mitutu yenyewe ndio unaotega nyundo zilizofichwa ndani. Vichwa vya pini zake vinaonekana ubavuni. Juu, ulimi wa ukanda unaingia kwenye mtambo na kufungwa kwa kigingi cha mviringo kinachopita kutoka ubavu hadi ubavu, kama komeo. Kufuli la ziada, kwa bunduki iliyotarajiwa kufyatua mamia ya risasi kwa mwezi. Nikiifunga hakuna mtikisiko wowote. Nimeitingisha sikioni. Kimya.

Jumamosi, 17 Mei

Mvua zimekwisha, vumbi limeanza. Mbao imepata mafuta ya kitani, matone machache kwa kiganja kila jioni, wiki tatu. Mitutu imepata mafuta mepesi tu. Kutu ya mdomo wa kushoto imesimama, haiendelei. Nimechonga risasi bandia mbili za shaba kwenye mashine ya kukereza ya rafiki, zenye mpira katikati, ili nyundo zishushwe bila kuumiza pini. Kabati ina kufuli mbili, na funguo haziko kwenye nyumba moja. Hakuna zaidi.

Jumamosi, 7 Juni

Baridi ya kweli asubuhi. Yaya yangu, yaani ndugu yangu mkubwa, wa Kamalondo amekuja na mzee mmoja wa kanisani kwao, umri themanini na moja, suti ya kahawia, kofia mkononi. Aliposikia nina bunduki ya visahani aliomba aletwe. Utotoni alikuwa mmoja wa vijana wa shimoni, nje ya mji, waliokaa chini ya paa la zege na kuweka visahani kwenye mashine huku wazungu wakilenga juu ya vichwa vyao.

Nilitega kumbukumbu yake kwa hamu ambayo naona aibu kuiandika. Nilimwonyesha nakshi, kitako, maandishi ya BETHV. Je, anaikumbuka?

"Baba, hatukuwaka tunaona bunduki," akasema. "Tulikuwaka mu shimo. Tulikuwaka tunasikia."

Wazungu waliita "Pul!", kisahani kikatoka, mlio, na vipande vikanyesha juu ya zege. Walilipwa kwa boksi. Vidole viwili vya mwenzake vilibaki kwenye mkono wa mashine. Hakuwahi kushika bunduki hata moja. Nilipompa hii, tupu na imefunguliwa, aliipokea kwa mikono miwili, kama mtu anayepewa mtoto, akasema ni nyepesi. Alidhani zilikuwa nzito sana.

Kisha akaomba kusikia. Nikaweka risasi bandia, nikaifunga, nikaelekeza kwenye mfuko wa mchanga. Kulia: tak. Kushoto: tak. Akainamisha kichwa. "Tena." Nikarudia. "Tena." Yaya alianza kutazama saa.

"Hii ya kushoto inalala," mzee akasema. "Ya kuume inapiga, ya kushoto inalala."

Mimi sikusikia tofauti. Nimefanya kazi kwenye kelele za mitambo, masikio yangu ni nusu. Tulikunywa chai, wakaondoka.

Jumapili, 8 Juni

Nimetoa bamba la chini la mtambo baada ya misa. Springi ya kushoto, ile ya bapa yenye umbo la V, ina ufa kwenye kona ya mkunjo. Mwembamba kuliko unywele. Nimeuona kwa lenzi tu, tena baada ya kupangusa mafuta na kugeuza taa mara mbili.

Nimeitoa na kuiweka ndani ya bahasha. Juu yake nimeandika "kushoto", tarehe, na chini ya tarehe jina la mzee.